Chambo Bandia cha Plastiki Laini Kinakuharibikia? Mwongozo Kamili kwa Wavuvi wa Mshipi Tanga

Wavuvi wengi wa Sahare, Deep Sea na Kigombe wanaojitengenezea chambo bandia cha plastiki laini hukwama mahali pale pale. Chambo kinatoka na matundu ndani. Kinageuka manjano kabla hakijamiminwa. Mkia haujai, au umejaa lakini hauchezi majini. Ndoana inakipasua samaki wa kwanza tu akigonga. Mtu akishaona hivyo anaanza kubadilisha plastiki: leo hii, kesho ile, mpaka anaishia kuyeyusha ndala.

Ushauri wangu ni mmoja, na ndio uliobeba mwongozo huu wote: usibadilishe plastiki kabla hujapima joto na kuondoa unyevu. Makosa mengi yanayolaumiwa plastiki yanatokana na hayo mawili. Na pwani yetu hii, ambako hata chumvi ya mezani hulowa ndani ya kopo, unyevu ni adui mkubwa kuliko watu wanavyodhani.

Soma mwongozo wote kwanza, ndipo uwashe jiko.

## Vifaa vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Plastiki ya chambo: ama plastisoli ya maji, ile inayouzwa kwa kazi hii, ama vyambo laini vya zamani vilivyochanika.
- Kilainishi cha plastisoli, kiasi kidogo.
- Jiko la gesi. La mkaa linawezekana, ila linataka uangalizi zaidi.
- Sufuria pana kuukuu, pamoja na mchanga wa mtoni uliochekechwa na kukaangwa mpaka ukakauka kabisa.
- Kikombe cha alumini au cha chuma chenye mdomo wa kumiminia na mpini mrefu.
- Kipimajoto kinachofika nyuzi 250. Cha kuchomeka kama wanachopimia nyama kinafaa, mradi kifike huko. Kile cha hospitali hakifai kabisa.
- Kalibu, yaani umbo la kumiminia.
- Kijiko cha chuma cha kukorogea.
- Glavu za ngozi kama za mafundi wa kuchomelea, miwani ya kukinga macho, shati la mikono mirefu na viatu vya kufunika vidole.
- Mfuniko wa chuma unaotosha kufunika kikombe, na ndoo ya mchanga mkavu.
- Beseni la maji safi, liwekwe mbali na jiko.

Vyombo hivi visirudi tena jikoni kwa chakula, hata ukivisugua namna gani. Vipake alama ya rangi ili mtu wa nyumbani asije akavitumia kwa kutojua.

Fanya kazi uwanjani au barazani penye hewa, kamwe si chumbani. Kaa upande wa joshi, yaani upepo unakotoka, moshi uende demani. Watoto na mama wajawazito wasiwe karibu. Plastiki hii ikiungua hutoa gesi yenye asidi inayochoma pua, macho na mapafu, na kitambaa cha kufunga usoni hakiizuii.

## Hatua ya 1: Hakikisha plastiki ni ile inayotakiwa

Plastisoli ni unga wa PVC, aina ya plastiki yenye klorini, ulioelea ndani ya mafuta maalumu ya kulainisha. Kwenye plastiki ya chambo mafuta hayo ni mengi kuliko unga, na ndiyo maana chambo kinakunjika na kucheza. Bomba la maji nalo ni PVC, lakini halina mafuta hayo. Ukiliweka jikoni halitiririki. Linalainika kidogo, linakuwa jeusi, kisha linaanza kutoa ile gesi. Yeboyebo na viatu vingine vya plastiki laini vina mafuta kiasi, ila hayatoshi: vinakuwa donge zito na kuungua kabla ya kufikia kumiminika. Ndala za sponji ni kitu kingine kabisa. Mifuko na chupa vilevile.

Kwa hiyo vitu vya kuyeyusha ni viwili tu: plastisoli ya chambo, au vyambo laini vilivyotumika. Ukifahamiana na watu wanaovua kwa michezo pale Raskazone, waombe wakuwekee vilivyokatika mikia badala ya kuvitupa.

Shida ya vyambo vya zamani ni kwamba si vyote ni PVC. Vipo vinavyovutika sana bila kukatika na vinavyoelea vyenyewe. Hivyo vimetengenezwa kwa plastiki ya jamii nyingine, na vikichanganywa na hivi vya kawaida mchanganyiko haukai. Jipimie hivi:

Chukua waya wa shaba usio na ganda, ushike kwa koleo. Uchome kwenye moto wa gesi mpaka moto usiwe na rangi ngeni. Ungali wa moto, uguse kwenye chambo ili plastiki kidogo inate, kisha urudishe motoni. Moto ukigeuka kijani, hiyo ina klorini, maana yake ni PVC. Usipogeuka, kiweke chambo hicho kando.

Kipime kikiwa kimeoshwa kwa maji baridi yasiyo na chumvi. Chumvi ya bahari nayo ina klorini na inaweza kukudanganya. Pima kipande kidogo kama punje ya mchele, nje, ukiwa joshini. Na ukumbuke kwamba kijani peke yake hakitoshi, kwa sababu hata bomba la maji litakupa kijani. Lazima kiwe kijani na kiwe laini mkononi.

Umefaulu ikiwa: una rundo moja la vyambo vya aina moja, visivyo na ndoana wala chubwi (uzito wa kuzamisha) ndani, vilivyotengwa kwa rangi. Rangi zote zikiyeyushwa pamoja huzaa kahawia la tope.

## Hatua ya 2: Osha, katakata, kausha

Osha kwa sabuni ya maji na maji baridi. Katakata vipande vidogo, kama ukubwa wa harage, kwa sababu kipande kikubwa huungua nje huku ndani kikiwa bado kigumu.

Sasa kausha. Tandaza juu ya kitambaa safi mahali penye jua na upepo siku nzima, ukigeuza. Wakati wa masika, kuanzia Machi hadi Mei, siku moja haitoshi. Ongeza ya pili, na usiku viingize ndani ya chombo chenye mfuniko.

Sababu ni hii. Maji huchemka kwa nyuzi 100, na wewe utaipeleka plastiki mpaka 170. Tone lolote lililojificha litageuka mvuke ghafla. Likiwa dogo, linakupa matundu. Likiwa kubwa, linarusha plastiki ya moto usoni, na plastiki hiyo hainyanyuki kwenye ngozi. Inaganda hapo na kuendelea kuunguza. Ikikurukia, tia sehemu hiyo chini ya maji yanayotiririka kwa dakika 20, usibandue kilichoganda, kisha nenda kituo cha afya.

Vyambo vilivyochanganywa chumvi tangu kiwandani hujulikana kwa kuwa vizito na kuwa na chembe ukivikata. Usivichanganye na vingine. Chumvi hutuama chini ya kikombe na huweza kuunguza plastiki ya hapo.

Kama unatumia plastisoli mpya ya maji, shida yako si unyevu bali kutuama. Unga hushuka chini ya chupa. Usipoikoroga chupa nzima kwa dakika kadhaa, nusu ya kwanza itatoa vyambo laini mno na nusu ya mwisho vyambo vigumu, nawe utadhani umeuziwa mali mbovu.

## Hatua ya 3: Kalibu, na kwa nini ya jasi inawasumbua wengi

Kalibu rahisi kupatikana Tanga ni ya unga wa jasi, ule ule wanaotumia mafundi wa dari. Chukua chambo kizima unachokipenda, kibandike kwa gundi kidogo chini ya kopo au kiboksi, upande wa tumbo chini. Tia maji kwenye kikombe kingine, kisha nyunyiza jasi ndani ya maji, vipimo viwili vya unga kwa kimoja cha maji. Usifanye kinyume, ukimwaga maji juu ya unga unapata madonge na hewa. Koroga taratibu, mimina pembeni mwa chambo, iache ijae yenyewe, kisha gongagonga kiboksi ili hewa itoke.

Baada ya nusu saa itakuwa imeshika, na utaisikia ina joto. Hapo ndipo watu wanapokosea. Kushika si kukauka. Ndani yake bado kuna maji mengi, na ukimimina plastiki ya nyuzi 170 juu yake, maji hayo yanatoka kama mvuke moja kwa moja kwenye ngozi ya chambo chako. Matundu yote yakiwa upande uliogusana na kalibu, sababu ni hiyo, si plastiki.

Iache ikauke siku nyingi. Kipimo cha kuaminika ni mizani: ipime asubuhi, uandike; ipime kesho yake. Ikiwa bado inapungua uzito, bado haijakauka. Kama huna mizani, iguse shavuni. Kalibu yenye maji huhisika ya baridi hata siku ya joto. Usiiharakishe kwa kuiweka juu ya jiko, itapasuka na kuwa unga.

Ikikauka, iweke ngozi. Paka gundi nyeupe ya mbao iliyoongezwa maji nusu kwa nusu, tabaka jembamba, ikauke, upake tena, mara tatu au nne. Gundi ya epoksi ya vichupa viwili ni bora zaidi, inadumu na inatoa chambo kinachong'aa. Kabla ya kumimina, pitisha kitambaa chenye mafuta kidogo ya kula. Kidogo sana: mafuta yakituama kwenye mkia, mkia hautajaa.

Ikiwa una uwezo wa kununua silikoni ya madirisha, ile yenye harufu ya siki, nakushauri uifuate hiyo. Ichanganye na kornflawa mpaka iwe laini isiyonata sana mikononi (vaa glavu za mpira), kisha igandamize juu ya chambo cha mfano kilichopakwa sabuni ya maji. Iache siku nzima, na ikiwa nene, siku mbili. Kalibu ya silikoni haipasuki, inakunjika unapotoa chambo, na inavumilia joto hili bila shida.

Umefaulu ikiwa: ukipitisha kidole ndani ya kalibu kinateleza, huoni kitundu wala unga kidoleni, na alama za magamba ya chambo cha mfano zinaonekana wazi.

## Hatua ya 4: Joto

Hapa ndipo kazi yote ilipo, kwa hiyo tukae kidogo.

Kwanza, usitumie sufuria ya maji kuyeyushia. Wengi huweka kikombe ndani ya maji yanayochemka kwa kudhani wanaepuka kuunguza. Maji hayawezi kupita nyuzi 100, na plastisoli haiivi hapo. Utasubiri mchana kutwa ukiambulia donge, na juu ya hilo umejiwekea mvuke pembeni ya plastiki ya moto.

Tumia mchanga. Weka mchanga mkavu kina cha vidole vitatu kwenye sufuria pana, washa jiko kwa moto wa wastani, kisha zika kikombe mpaka mchanga ufike usawa wa plastiki iliyomo. Mchanga unasambaza joto pande zote, na joto lake haliruki ghafla upepo wa kusi unapopuliza jiko. Kwa jiko la mkaa hii si hiari: mkaa ukipulizwa na upepo unaweza kuunguza kikombe kitupu cha alumini kwa dakika chache, na ndio unaozaa ile rangi ya manjano watu wanayoilalamikia.

Usijaze kikombe kupita nusu. Koroga polepole, bila kuchapa, kijiko kikigusa chini muda wote. Ukichapa unaingiza hewa.

Sasa tazama na upime. Plastisoli mpya itapita hali nne:

1. Mwanzo ni nyeupe na nyepesi, inatiririka.
2. Ikipata joto inaanza kuwa nzito na kushika madonge, kama uji uliokorogwa vibaya. Usiitoe. Watu wengi huitupa hapa wakidhani imeharibika. Ni hatua ya lazima: unga unameza mafuta.
3. Madonge yanaanza kulegea, weupe unafifia, inakuwa ya kijivujivu na kuvutika.
4. Kuanzia nyuzi 160 hadi 175 inakuwa angavu, inatiririka kwa uzi mmoja kutoka kijikoni bila kukatika. Hapo imeiva.

Vyambo vya zamani havipiti hali ya kwanza wala ya pili. Vinalegea tu mpaka vinatiririka.

Lengo lako ni 170. Ukiona 165, nyanyua kikombe kutoka mchangani, kwa maana mchanga bado una joto na kipimo kitaendelea kupanda chenyewe. Ikifika 190 rangi huanza kuondoka. Ikikaribia 200 na ukasikia harufu kali inayochoma pua, zima jiko, funika kikombe, ondoka uende joshini mpaka itulie. Ikishika moto, funika kwa mfuniko wa chuma au mwagia mchanga. Kamwe usimwagie maji.

Kipimajoto kisiguse chini ya kikombe, maana kitakusomea joto la chuma. Wenye kile kipimajoto cha kulenga kwa mwanga mwekundu wakoroge kwanza, kisha walenge plastiki yenyewe. Kikilenga alumini inayong'aa kinasoma uongo.

Plastiki iliyogeuka manjano hairudi kuwa angavu. Lakini usiitupe ikiwa imebadilika kidogo tu: itie rangi nyeusi au kahawia, itakufaa kwa chambo cha usiku au cha maji ya tope. Iliyokuwa ya kahawia na kutoa harufu ya kuchoma ndiyo ya kuachana nayo.

## Hatua ya 5: Ulaini, uzito na rangi

Kila plastiki inapoyeyushwa upya hupoteza mafuta kidogo, ndiyo maana chambo cha mara ya tatu kinakuwa kigumu kuliko cha kwanza. Ongeza kilainishi kidogo kidogo, kuanzia sehemu moja kwa ishirini ya plastiki, koroga, kisha dondosha tone juu ya kigae kikavu. Likipoa, likunje. Likirudi polepole na bado lina nguvu, limekaa sawa. Likibaki na alama ya kucha, umezidisha. Ongeza plastiki isiyo na kilainishi.

Mafuta ya kula, ya nazi, dizeli na mafuta ya injini hayafanyi kazi hii, hata kama fulani alikuambia yanafanya. Hayaungani na PVC. Yatatoa moshi, kisha yatajitokeza juu ya chambo siku ya pili na kukiacha kinateleza kwa nje huku ndani ni kigumu.

Ukitaka chambo kizame haraka kwenye mkondo wa lango la bahari wakati wa bamvua, ongeza chumvi laini. Ikaange kwanza kwenye kikaango mpaka iruke kavu, iache ipoe kidogo, uiweke mwisho kabisa na kukoroga kila unapomimina, maana hutuama. Ila chumvi inadhoofisha plastiki. Kwa kolekole wa ukubwa wa maana mimi huona ni heri kuongeza uzito wa chubwi kuliko kuongeza chumvi.

Rangi za chakula za maji na rangi za ukutani zina maji ndani, zitarusha plastiki. Tumia rangi ya unga au ya mafuta iliyotengenezwa kwa plastiki. Unga wa kumetameta wa kupambia kadi huchuja rangi ukipata joto, kwa hiyo jaribu chembe chache kwanza.

## Hatua ya 6: Kumimina

Kalibu iwe ya vuguvugu. Iache juani saa moja, au mimina mara ya kwanza kwa ajili ya kuipasha tu, utoe na kurudisha kikombeni. Kalibu baridi inagandisha plastiki kabla haijafika mwisho wa mkia; dalili yake ni mikunjo midogo kwenye ngozi ya chambo na mkia uliokatika ncha.

Kabla ya kumimina, acha kikombe kitulie dakika moja ili hewa ipande juu. Kisha anzia mkiani. Mimina uzi mwembamba, usiokatika, mkia ujae wenyewe, ndipo urudi tumboni na kumalizia kichwani. Ukianzia kichwani unaifungia hewa mkiani, haina pa kutokea.

Plastiki inasinyaa ikipoa, hivyo upande wa juu ulio wazi utabonyea. Subiri kidogo, na kabla ngozi ya juu haijapoa kabisa, ongeza kijazo chembamba. Ukichelewa mpaka ikapoa, kijazo hicho kitabanduka kama ganda siku ya kwanza baharini.

Onyo: bomba la sindano la hospitali lisitumike kudunga plastiki ya moto. Limetengenezwa kwa plastiki inayolainika kwenye joto hili hili. Pistoni inakwama, unasukuma kwa nguvu, bomba linapasuka mkononi. Kama unataka kudunga, tumia bomba la alumini lililotengenezwa kwa kazi hiyo.

## Hatua ya 7: Kutoa na kunyoosha

Subiri dakika kumi. Anza kukitoa kwa kichwa, si kwa mkia. Kitie kwenye beseni la maji kikiwa kimenyooka, kisha kikaushe na kukilaza juu ya sehemu bapa usiku mzima. Namna chambo kinavyolala siku ya kwanza ndivyo kinavyobaki. Kilichopinda kitazunguka majini na kuusokota mshipi wako.

Kilichokwisha kupinda kinaokolewa: kitumbukize kwenye maji ya moto, yaliyoacha kuchemka, kwa sekunde chache, kisha kilaze kimenyooka ndani ya maji baridi.

## Hatua ya 8: Jaribu majini kabla ya kwenda mbali

Weka ndoana yenye chubwi kichwani. Ilaze kwanza pembeni ya chambo, utie alama pale itakapotokea mgongoni, kisha ipitishe katikati kabisa. Sehemu kubwa ya vyambo vinavyozunguka vina ndoana iliyotoka kando.

Nenda maji yakiwa safi, kina cha magoti, ukivute taratibu ukiangalia. Mkia uanze kupiga hata kwa mwendo mdogo. Usipopiga mpaka uvute kwa kasi, tatizo ni shingo ya mkia, pale penye wembamba kabla ya kasia lake. Ikiwa nene haipindi. Punguza kwa wembe nyama kidogo pande zote mbili kwa usawa, ujaribu tena. Ukipata kipimo kinachocheza, tengeneza kalibu mpya kutoka kwa chambo hicho hicho ulichokipunguza. Kupunguza kimoja kimoja kila safari ni kujichosha.

Ukijaribia maeneo ya kusini mwa jiji, Mwarongo au Kigombe, fahamu kwamba uko ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga, iliyoanzishwa mwaka 2009, na uvuvi humo una taratibu zake. Uliza kwanza ofisi ya hifadhi au viongozi wa uvuvi wa kijiji.

## Kusoma jeraha la chambo

Usitupe chambo kilichoharibika baharini. Kwanza, samaki akikimeza hakiyeyuki tumboni. Pili, jeraha lake lina habari zote unazohitaji.

Kimechanika kwa nyuzinyuzi pale ndoana inapopita. Plastiki ni laini mno, au haikuiva. Plastiki ambayo haikufika 160 inaonekana imeganda vizuri, lakini ukiivuta inakatika kwa urahisi kama jibini. Rudi Hatua ya 4 kabla hujafikiria kuongeza kigumishi.

Mkia umekatwa safi, kwa nusu duara. Hapo plastiki haina kosa. Huyo ni bunju au kikande, wenye meno ya kukata hasa karibu na miamba. Hama sehemu, au vua juu zaidi ya mwamba. Mkato mrefu wa mshazari, na mara nyingine mshipi nao umekwenda, ni nguru au tengesi. Weka waya mfupi mbele ya ndoana.

Kina matundu katikati ya tumbo, si kwenye ngozi. Plastiki ilikuwa na unyevu au ulikoroga kwa kuchapa. Matundu ya kwenye ngozi ni ya kalibu.

Kinateleza mafuta na kunatanata. Kilainishi kimezidi. Kilaze juu ya karatasi siku mbili tatu; kisipokauka, kiyeyushe pamoja na vigumu.

Kina chembe nyeupe ndani. Hazikuiva. Yeyusha upya, koroga mpaka zipotee.

Rangi ya kimoja imehamia kwenye kingine. Umevihifadhi pamoja. Kila rangi iwe na mfuko wake.

## Kuhifadhi

Weka kwenye mifuko laini ya nailoni yenye kufunga, ndani ya kopo lisiloingiza mwanga. Usiweke ndani ya vile viboksi vigumu vya plastiki angavu vinavyopasuka kwa urahisi. Mafuta ya chambo huvila vikalegea na kunata. Mafuta hayo hayo hula rangi ya vichwa vya chubwi, kwa hiyo usihifadhi chambo kikiwa tayari kwenye ndoana. Wala usivichanganye na vile vinavyovutika sana ulivyovitenga kwenye Hatua ya 1: vikikaa pamoja siku chache za joto, asubuhi utakuta donge moja.

Kwenye ngalawa, kopo likae chini ya kitambaa kilicholowa maji, si juani juu ya ubao. Vipande vyote vilivyochanika virudi nao nyumbani kwenye mfuko wake, vioshwe na kutengwa kwa rangi siku hiyo hiyo, kabla chumvi haijavikaukia.